Riwaya ya Mahaba Iliyopendwa na Mamilioni Isipokunogea: Namna ya Kuisoma, Kuipima na Kuizungumzia

Msomaji anayeifunga riwaya ya mahaba katikati, huku akijua kwamba watu wengi mno wameimaliza kwa usiku mmoja na kuisifu, hukimbilia upesi moja ya hukumu tatu. Ama hujishuku mwenyewe na kudhani kwamba hisia zake zimekufa ganzi, ama huwadharau walioipenda na kuwaona hawajui kusoma, ama huzilaani riwaya zote za mahaba zenye maelezo ya wazi ya kujamiiana na kuapa kutozigusa tena. Hukumu zote tatu ni za pupa, na zote humnyima msomaji kitu ambacho amekwisha kukilipia kwa saa zake, yaani kujua kwa hakika kitabu kilimpoteza mahali gani na kwa sababu gani. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo ya kupatafuta mahali penyewe. Ninaamini kwamba kutoridhika na kitabu ni usomaji kamili kama kulivyo kukipenda, na kwamba kunastahili uangalifu uleule.

Zitenge kwanza sifa na kitabu

Kabla hujaanza kukilaumu kitabu, jikumbushe ulisikia nini juu yake na ulikisikia kutoka kwa nani. Mara nyingi kilichokuvunja moyo ni kitabu kingine kabisa, kile ulichokuwa umekijenga akilini kutokana na sifa za watu, na ambacho hakuna mwandishi aliyekiandika.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni riwaya ya Fifty Shades of Grey ya mwandishi wa Uingereza, E. L. James. Ilianza kama hadithi ya mashabiki, yaani kazi ambayo mpenzi wa riwaya fulani huiandika akiazima wahusika wa riwaya hiyo, na katika hali hii wahusika walioazimwa walikuwa wale wa riwaya za wanyonya damu za Stephenie Meyer. Ilitolewa mtandaoni sura baada ya sura. Mwaka 2011, majina ya wahusika yakiwa yamekwisha kubadilishwa, ilichapishwa na mchapishaji mdogo wa Australia, na mwaka 2012 ikachukuliwa na Vintage Books, mchapishaji mkubwa wa Marekani. Kufikia mwaka 2014, riwaya tatu za mfululizo huo zilikuwa zimeuza zaidi ya nakala milioni 100, na filamu ya kwanza ilitoka Februari 2015.

Historia hiyo inamsaidia sana msomaji aliyechoshwa. Hadithi inayotolewa vipande vipande hulazimika kumvuta msomaji upya kila sura, hivyo hurudia ishara zilezile za mapenzi, mishtuko ileile na sifa zilezile za uzuri wa mhusika, kwa kuwa msomaji wake ametoka kwenye shughuli zake na huenda amesahau. Zaidi ya hayo, wasomaji wa kwanza wa hadithi ya mashabiki huja wakiwa tayari wamewapenda wahusika, wala hawahitaji kushawishiwa. Sura hizo zinapokusanywa kuwa kitabu kimoja cha zaidi ya kurasa 500, na kusomwa mfululizo na mtu asiyewajua wale wahusika wa awali, kile kilichokuwa kionjo hugeuka kuwa kero. Ukilijua hilo huwi na wajibu wa kukisamehe kitabu, lakini walau unajua uchovu wako unatoka wapi.

Jambo la pili ni kwamba idadi ya nakala zilizouzwa huhesabu walionunua, wala haiwahesabu walioridhika. Kitabu kikishavuma, watu hukinunua ili waone kinachozungumzwa, na kila anayekinunua kwa udadisi huongeza uvumi unaomvuta mwingine. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kitabu kilichovuma hujiuza na kujitembeza kwa pamoja, na uvumi wake hauwezi kukuambia ni upande upi wa methali hiyo unaokihusu.

Tafuta ahadi iliyovunjwa

Kila fani ina ahadi zake kwa msomaji. Chama cha waandishi cha Marekani kiitwacho Romance Writers of America kiliieleza riwaya ya mahaba kwa mambo 2: mapenzi yawe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa kuridhisha kihisia na wenye matumaini. Riwaya ya aina tunayoizungumzia huongeza la tatu, kwamba matukio ya faragha yawe ndiyo njia ambayo mapenzi hayo hukua au kuharibika, kiasi kwamba ukiyaondoa hadithi haisimami tena.

Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba alijua tangu mwanzo kuwa wapenzi wataishia pamoja anailaumu fani, na mwandishi hana hatia. Lakini angalia pia kama kitabu ulichonacho ni hadithi nzima au ni sehemu tu. Riwaya ya kwanza ya E. L. James inaishia kwa mwanamke kumwacha yule mwanamume, na suluhu huja katika vitabu vinavyofuata. Msomaji aliyeahidiwa mahaba yenye mwisho mwema na asiyejua kwamba kuna vitabu vingine viwili ana haki ya kujiona ameachwa njiani, ila kosa hapo ni la aliyemwazima kitabu bila kumweleza.

Jaribio ninalolitegemea kuliko yote ni hili. Chagua tukio moja la faragha lililokuchosha, kisha ujiulize ni nini kilichobadilika kati ya wahusika wawili hao baada ya tukio kwisha. Je, kuna mmoja anayejua jambo ambalo hakulijua? Kuna siri iliyotoka, imani iliyoongezeka, aibu iliyopungua, deni lililoanza? Ikiwa jibu ni hapana, umepata ulipochokea, na uchovu wako hauna uhusiano wowote na ukavu wa hisia.

Nitaonyesha kwa mifano miwili niliyoitunga mwenyewe. Wa kwanza ni huu: "Alinigusa, nikalipuka kama baruti. Mwili wangu ulitawanyika vipande elfu, nikajua kwamba sitawahi kuwa wa mwingine." Wa pili ni huu: "Alipofika kwenye kifungo cha tatu nilimshika mkono, kwa sababu chini yake palikuwa na kovu la upasuaji ambalo sikuwahi kumwonyesha mtu. Hakuuliza. Aliketi kitandani, akauliza kama azime taa. Nikafikiri kidogo, nikamwambia aiache."

Mfano wa kwanza una kelele nyingi, lakini unaweza kuuhamishia katika riwaya yoyote, kwa wapenzi wowote, na usihitaji kubadilisha hata neno moja. Wa pili hauna hata busu, ilhali yule mwanamke ameingia chumbani akiwa na woga fulani na anapoiacha taa iwake amekwisha kuufanyia uamuzi, na msomaji amemwona mwanamume akingojea. Taharuki ya riwaya za mahaba hukaa katika maamuzi ya namna hiyo. Panapokosekana uamuzi, mwandishi hulazimika kuongeza chuku, na chuku ikizidi, msomaji huanza kuruka kurasa.

Hesabu badala ya kulalamika

Malalamiko ya jumla kwamba "lugha ni mbaya" hayamsaidii mtu, wewe mwenyewe ukiwa wa kwanza. Riwaya iliyonifanya niandike mwongozo huu niliazimwa na wifi yangu, na kwa kuwa haikuwa mali yangu sikuweza kuandika pambizoni. Nilikata kipande cha karatasi, nikakitumia kama alamisho, na kila msimulizi alipouma mdomo wake wa chini nilichora mstari mmoja wa penseli, nikiifunga mitano mitano kama mtu anayehesabu magunia. Nilipofika theluthi ya kitabu upande mmoja wa karatasi ulikuwa umejaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilichokuwa kikinichosha hakikuwa mahaba hata kidogo: mwandishi alikuwa na ishara moja tu ya kuonyesha hamu, na aliitumia kwa woga, kwa furaha, kwa wivu na kwa usingizi.

Fanya hivyo na wewe. Hesabu neno linalorudiwa, au tashbihi, au idadi ya kurasa kati ya ugomvi mmoja na mwingine. Takriri yenyewe si dosari, kwani washairi wetu wanaijua thamani yake kuliko mtu yeyote. Huwa dosari pale ambapo kurudiwa kwa mara ya ishirini hakuongezi maana iliyokuwapo mara ya pili.

Ikiwa unaisoma riwaya hiyo katika lugha yako ya pili, au katika tafsiri, ongeza uangalifu. Maneno ya mwili na ya kitandani ndiyo magumu kuliko yote kuyahamisha kutoka lugha moja kwenda nyingine. Msomaji aliyelelewa na Kiswahili amezoea jambo hili lisemwe kwa mafumbo, kwa jazanda za maua, za chakula na za chombo baharini, na nje ya mafumbo hayo anakutana ama na msamiati wa daktari ama na matusi. Huenda basi sentensi iliyomkwaruza ikawa imemkwaruza kwa sababu ya uwazi wake tu, ilhali kwa mwenyeji wa lugha ile ni sentensi ya kawaida kabisa. Isome tena siku nyingine kabla ya kuihukumu.

Lugha ikikuudhi ni jambo moja, mwenendo ukikuudhi ni jambo jingine

Hapa ninaomba msomaji asiharakishe, maana watu wengi huchanganya mambo haya mawili na kuishia kubishana bila kusikilizana. Mtu mmoja husema kitabu kimeandikwa vibaya, kumbe kinachomuuma ni namna mwanamume anavyomtawala mwanamke. Mwingine hukitetea kwa kusema kwamba ni hadithi tu, kumbe hajaulizwa juu ya ukweli wa hadithi.

Katika Fifty Shades of Grey, msimulizi ni mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21, naye mwanamume ni tajiri mwenye miaka 27 ambaye anamletea mkataba wa maandishi unaoeleza nani ataamrisha na nani atatii. Mkataba huo unajadiliwa kifungu kwa kifungu, mwanamke anavikataa baadhi ya vifungu, na kuna maneno maalumu ya kusimamisha tendo. Lakini mwanamume huyohuyo anaifuatilia simu ya msichana huyo ili ajue alipo usiku mmoja msichana alipokuwa amelewa, na hapo hakuna kifungu kilichojadiliwa. Baadhi ya wasomaji waliochukizwa walichukizwa na tukio la namna hiyo zaidi kuliko lolote lililotokea chumbani, na miongoni mwao walikuwamo watu wanaoishi maisha hayo ya kuamrisha na kutii kwa hiari, ambao walisema kwamba ridhaa wanayoijua wao ni pana kuliko ile iliyoonyeshwa.

Mtu anaweza kufurahia katika riwaya jambo ambalo asingelivumilia hata dakika moja katika maisha yake, wala hapaswi kuona haya kwa hilo, kwani kuwaza si kutaka. Kwa hiyo usiulize kama jambo lililomo kitabuni ni jema. Uliza kama kitabu chenyewe kinaliona. Mhusika akifuatwa bila ruhusa, je, kuna popote, hata kwa sentensi moja, ambapo hadithi inatambua kwamba amefuatwa? Akisema hapana, je, hapana hiyo ina uzito katika kurasa zinazofuata, au inayeyuka kwa zawadi ya gharama? Kumbuka pia kumtofautisha msimulizi na mwandishi. Masimulizi ya nafsi ya kwanza yanaruhusu msichana asione hatari ambayo mwandishi anaiona vizuri sana, na riwaya nzuri za aina hii humwachia msomaji ishara ndogondogo za kumwonyesha kwamba kuna mtu mwingine anayetazama. Ukizitafuta ishara hizo usizipate, malalamiko yako yana msingi, na unaweza kuyaeleza bila kumwita mtu yeyote mpotovu.

Kuendelea au kuacha

Mwandishi wa Ufaransa Daniel Pennac alichapisha mwaka 1992 kitabu chenye orodha ya haki 10 za msomaji, na haki ya 3 ni ya kutomaliza kitabu. Ninaikubali haki hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo, kwa riwaya ya mahaba ya aina hii ninapendekeza usiitumie mpaka uvuke sehemu mbili: tukio la kwanza la faragha, na ugomvi wa kwanza unaofuata baada yake. Tukio la kwanza hukuonyesha mwandishi anajua nini kuhusu miili, na ugomvi hukuonyesha kama anajua chochote kuhusu watu. Katika riwaya ya E. L. James tukio hilo halifiki mpaka sura ya 8, hivyo aliyeiacha katika sura ya 3 akisema haina joto ameiacha kabla sufuria haijawekwa mekoni.

Usifanye kinyume chake pia, yaani kurukia kurasa "zile" na kuzisoma peke yake. Maelezo ya kujamiiana yakisomwa bila yaliyotangulia huonekana ya kuchekesha au ya kuchukiza hata yakiwa yameandikwa na fundi, kwa kuwa hamu hujengwa kurasa nyingi kabla ya mlango kufungwa.

Ukiacha, acha kabisa, na uandike mahali fulani ukurasa ulipoachia na sentensi moja ya sababu. Sentensi hiyo itakufaa.

Kuzungumza na aliyekipenda

Nilimrudishia wifi yangu kitabu chake na, kwa bahati mbaya, karatasi yangu ya mistari ikabaki ndani. Aliikuta, akaniuliza ni hesabu ya nini, nikalazimika kumweleza. Nilijiandaa kwa ubishi. Yeye akasema tu:

"Wifi, mimi wala sikuyasoma hayo maneno. Nilikuwa namsoma mwanamke anayeulizwa kila mara anataka nini. Wewe ni lini mara ya mwisho umeulizwa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Niliporudia kurasa mbili tatu nikaona kwamba amesema kweli: katika kitabu kile kibovu cha lugha, swali "unataka nini?" lilikuwa kila mahali, nami sikuwa nimelihesabu kwa sababu nilikuwa nikihesabu midomo. Maoni yangu juu ya mtindo hayakubadilika hata chembe. Lakini nilijua sasa kitabu kilikuwa kikimpa nini mtu ninayemheshimu, na nilijua kwamba mimi sikukihitaji kitu hicho kwa wakati ule, au sikujua kwamba ninakihitaji.

Wazee walisema apendaye chongo huita kengeza, na ni rahisi kuitumia methali hiyo kuwabeza wapenzi wa kitabu. Itumie kama swali. Muulize aliyekipenda ni tukio gani alilirudia kusoma, wala usimuulize kwa nini amekipenda, kwani swali la pili humfanya ajitetee, ilhali la kwanza humfanya akumbuke. Jihadhari vilevile na ukweli kwamba mazungumzo juu ya riwaya za namna hii yanagusa faragha ya mtu. Ukisema mbele ya watu kwamba kitabu kile ni cha wanawake wenye njaa, utakuwa umemsema aliyeketi karibu nawe, na hatakuambia.

Kuandika maoni yako

Ukiamua kuandika, andika kwa ajili ya msomaji ambaye bado hajakinunua. Anataka kujua mambo machache: ulitarajia nini, kitabu kinatoa nini hasa, kinashindwa wapi, na ni nani anayeweza kukifurahia licha ya hayo. Dondoo moja fupi lenye dosari unayoisema linatosha, maana kurundika sentensi mbaya kumi ni kujifurahisha mwenyewe. Usimhukumu mwandishi kwa maisha yake ya chumbani, ambayo huyajui, wala usikihukumu kitabu kwa filamu yake. Na kama uliacha njiani, sema uliacha ukurasa wa ngapi.

Linganisha maoni haya mawili. "Takataka tupu, sijui watu wanaona nini" ni sentensi isiyomwambia msomaji chochote ila hasira yako. Sasa soma hii: "Mazungumzo ya wapenzi hawa yamenishika mpaka katikati, lakini kila wanapokaribia kuambiana ukweli mwandishi anawapeleka kitandani, na wanatoka huko wakiwa hawajaambiana." Sentensi hii ina urefu wa kutosha tu, na mtu mwingine anaweza kuisoma akasema kwamba hicho ndicho hasa anachokitafuta, akakinunua kitabu kwa furaha. Maoni hayo yatakuwa yamefanya kazi yake barabara.

Kuchagua kinachofuata

Ile sentensi moja uliyoiandika ulipoacha ndiyo sasa inayokuongoza. Kama kilichokuudhi ni takriri, chukua kitabu kipya ufungue kurasa mbili zilizoachana sana, usome aya moja kila upande, uone kama hamu inaelezwa kwa maneno yaleyale. Kama ni wahusika wasiobadilika, tafuta ukurasa wenye mazungumzo, uyafunike majina kwa kidole, uone kama unaweza kujua nani anasema. Kama ni ubabe usioonekana na hadithi yenyewe, soma ugomvi wa kwanza unaoukuta na utazame nani anaomba radhi, na kwa jambo gani. Na kama tatizo lilikuwa kwamba ulitaka hadithi ya mapenzi yenye mlango uliofungwa, zipo riwaya nyingi za mahaba zinazomwacha msomaji kizingitini, na kuzipendelea si uoga.

Wifi yangu amekwisha kuniletea nyingine. Safari hii ametia karatasi ndani yeye mwenyewe, nyeupe, yenye penseli iliyofungwa kwa uzi.